Kioo Kipya na Taa za LED kwa Gari la Zamani

1. TAA NI NENO

Fikiri kwamba jioni unarudi nyumbani kwa baiskeli. Giza limeanza kuingia. Mbele yako linakuja gari, na dereva wake anataka kukata kulia ili aingie njia ya sokoni. Akikata, atapita mbele yako. Wewe humjui, naye hakujui. Yuko mbali na hamwezi kusemezana. Kitu kimoja tu kinaweza kukuambia anachotaka kufanya. Kitu hicho ni taa ndogo ya rangi ya machungwa, inayowaka na kuzimika pembeni mwa gari.

Taa hiyo huitwa indiketa. Ni neno linalosomwa na kila mtu, hata asiyejua herufi moja. Lakini neno likifutika halisomeki. Kioo cha indiketa kikivunjika, au taa yake ikififia, dereva anasema na hakuna anayemsikia.

Zamani magari hayakuwa na taa za kuwaka na kuzimika. Dereva alitoa mkono dirishani. Baadaye magari mengine yalifungwa mikono midogo ya bati iliyoinuka ubavuni. Gari la Volkswagen la umbo la kobe liliuzwa Ulaya likiwa na mikono hiyo mpaka mwaka 1960. Huko Marekani, kampuni ya Buick ilianza kuuza magari yenye taa za kuwaka na kuzimika mwaka 1939. Leo kila gari lina taa hizo.

Katika somo hili tutajifunza mambo mawili. La kwanza ni jinsi ya kutengeneza kioo kipya cha indiketa kwa gari la zamani ambalo vipuri vyake havipatikani. La pili ni jinsi ya kufunga taa za LED ndani yake. Tutajifunza pia jinsi ya kuipima taa hiyo, maana taa isiyopimwa haifai kuaminiwa barabarani.

2. MZEE NA FUNDI

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana gari aina ya Peugeot 404. Gari hili lilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960. Huku kwetu lilipata sifa kubwa, kwa sababu lilishinda mashindano ya magari ya Safari, ya Afrika Mashariki, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari la mzee bado lina injini nzuri. Lakini tawi la mti limeangukia pembe yake ya mbele, na kioo cha indiketa cha kulia kimepasuka. Mzee amekwenda kwa fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hujambo?"

"Sijambo, mzee wangu. Naona kioo cha indiketa kimekwenda."

"Kimekwenda. Nimezunguka maduka ya vipuri mpaka nimechoka. Sasa mjukuu wangu ananiambia nifunge kioo cheupe na taa za buluu, eti gari lipendeze."

"Litapendeza kweli, mzee. Lakini mwenye baiskeli atajuaje kwamba unakata kulia?"

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi nitengenezee kama kilivyokuwa."

Fundi alijibu vizuri. Mkataba wa kimataifa wa usafiri barabarani, uliotiwa saini Vienna mwaka 1968, unataka indiketa ziwe za rangi ya machungwa. Ni kweli kwamba Marekani indiketa za nyuma huruhusiwa kuwa nyekundu. Lakini taa nyekundu ya nyuma ni rahisi kudhaniwa kuwa ya breki. Rangi ya machungwa haina shaka.

3. NDANI YA INDIKETA MNA NINI?

Kabla ya kutengeneza kitu, ni lazima ukijue. Indiketa ya gari la zamani ina sehemu nne:

(a) Globu. Ndani ya globu mna waya mwembamba. Umeme ukipita, waya huo huwa mwekundu kisha mweupe kwa joto, na kutoa mwanga. Globu ya indiketa kwa kawaida ni ya wati 21. Sehemu kubwa ya umeme huo huwa joto, na sehemu ndogo tu huwa mwanga.

(b) Sahani ya nyuma. Hii hung'aa kama kioo cha kujitazamia. Kazi yake ni kurudisha mbele mwanga uliokwenda nyuma na pembeni.

(c) Kioo cha mbele. Tunakiita kioo, lakini katika magari mengi ni plastiki ngumu. Pitisha kidole upande wa ndani. Utagusa mistari au vijumba vidogo vilivyopangwa vizuri. Hivyo si mapambo. Kila mstari hupinda mwanga kidogo, ili taa ionekane na aliye mbele na aliye pembeni pia.

(d) Flasha. Hiki ni kikopo kidogo kilichofungwa karibu na dashibodi. Ndicho kinachokata na kuunganisha umeme, na ndicho kinachotoa sauti ya "tiki, taka" unayoisikia. Taa inatakiwa iwake na kuzimika mara 60 mpaka 120 kwa dakika moja.

4. KABLA YA KUTENGENEZA KIOO

Kwanza tafuta kioo cha asili. Uliza maduka ya vipuri na mafundi wa magari mabovu. Kioo kilichotoka kiwandani ni bora kuliko cha kumimina kwa mkono. Ukikikosa kabisa, ndipo utengeneze.

Usikate plastiki ya ndoo au dumu ukaigandisha kwa gundi. Wala usipake rangi juu ya globu. Plastiki ya ndoo huzuia mwanga, na haina ile mistari ya kupinda mwanga. Rangi ya kupaka huungua na kubanduka.

Ili utengeneze kioo kipya unahitaji kioo cha zamani cha kuigiza. Hapa angalia sana. Katika magari mengi kioo cha kushoto na cha kulia havifanani. Kimoja ni kinyume cha mwenzake, kama viatu. Ukiigiza cha kushoto, hutapata cha kulia. Katika gari la mzee, vipande vya kioo kilichopasuka vilikuwapo vyote. Fundi aliviunganisha kwa gundi, akajaza nyufa kwa nta ya mshumaa, kisha akalainisha nta hiyo kwa kidole. Kalibu huiga kila kitu, hata ufa mwembamba kama unywele.

Osha kioo kwa maji na sabuni. Usioshe kwa petroli wala dawa ya kuyeyushia rangi. Vitu hivyo huitia plastiki nyufa ndogo ndogo.

5. KUTENGENEZA KALIBU

Kalibu hutengenezwa kwa mpira wa silikoni. Silikoni hii huuzwa katika vyombo viwili. Ukichanganya huganda ikawa mpira laini. Si ile ya bomba ya kuzibia madirisha. Kalibu yetu ina nusu mbili, moja ya sura ya nje ya kioo na moja ya sura ya ndani. Fuata hatua hizi:

Hatua ya 1. Tengeneza sanduku dogo la mbao lisilo na kifuniko. Acha nafasi ya sentimita 2 kila upande wa kioo.

Hatua ya 2. Tandika udongo laini wa kuchezea watoto chini ya sanduku. Lalia kioo juu ya udongo, sura ya nje ikitazama juu. Udongo ujaze ndani ya kioo mpaka kwenye ukingo. Chagua udongo usio na salfa, maana salfa huzuia aina nyingine za silikoni zisigande.

Hatua ya 3. Kwa ncha ya kidole, bonyeza vishimo vinne katika udongo kuzunguka kioo. Vishimo hivi vitafanya nusu mbili za kalibu zishikane mahali pake bila kuteleza.

Hatua ya 4. Pima na kuchanganya silikoni kama karatasi ya maelezo inavyosema. Imimine polepole kutoka pembeni, kwa mkondo mwembamba, mpaka ipite juu ya kioo kwa sentimita 1 au zaidi. Mkondo mwembamba hupasua viputo vya hewa. Iache igande. Silikoni nyingi zinahitaji siku nzima.

Hatua ya 5. Geuza sanduku. Toa udongo wote, lakini usitoe kioo. Sasa unaiona sura ya ndani yenye mistari. Safisha mistari kwa mswaki laini.

Hatua ya 6. Paka mafuta ya mgando, kidogo sana, juu ya silikoni iliyokwisha kuganda. Usipake kwenye kioo. Silikoni haishiki vitu vingi, lakini hushika silikoni mwenzake. Ukisahau mafuta, nusu mbili zitakuwa kitu kimoja.

Hatua ya 7. Simamisha mirija miwili ya kunywea soda kwenye ukingo wa kioo, kila mmoja upande wake. Mmoja utakuwa njia ya kumiminia, na mwingine njia ya kutoka hewa. Mimina silikoni ya nusu ya pili. Iache igande.

Hatua ya 8. Fungua kalibu. Toa kioo cha zamani. Toa na mirija. Nafasi iliyobaki ndani ndiyo kioo chako kipya.

6. KUMIMINA KIOO

Kioo humiminwa kwa rezini. Mafundi wa boti na matangi ya faiba wanaijua rezini. Lakini ya boti kwa kawaida ina rangi yake. Wewe tafuta ile inayoonyesha kama maji. Kuna rezini za aina nyingi. Baadhi yao huwa za njano zikikaa juani muda mrefu. Basi uliza ile inayovumilia jua.

Rangi nayo iwe ya kuonyesha, si ya kuziba. Tia tone moja moja. Kabla ya kumimina kioo, mimina kipande kidogo chenye unene sawa na wa kioo. Kikiganda, kiweke mbele ya globu pamoja na kipande cha kioo cha zamani. Kama rangi zinafanana, endelea. Kama chako ni chekundu mno au cheusi, punguza rangi.

Rezini ya aina ya poliesta hugandishwa kwa hadina kidogo sana. Kwa kawaida ni gramu 1 au 2 kwa kila gramu 100 za rezini. Fuata maelezo yaliyoandikwa kwenye chombo. Hapa ndipo kusoma kunapookoa mali na macho.

Funga nusu mbili za kalibu kwa mpira wa baiskeli. Usikaze mno, kalibu isije ikapindika. Mimina rezini polepole katika njia moja mpaka itokeze katika njia ya pili. Gonga kalibu kidogo kidogo ili hewa itoke. Iache mpaka igande kabisa. Mwenye haraka huharibu kazi hapa.

Kioo kikitoka, kata vijiti vya njia za kumiminia. Sugua ukingo kwa msasa wa maji, kuanzia ule wa kukwaruza mpaka ule laini. Usiguse mistari ya ndani kwa msasa. Toboa matundu ya skrubu polepole, ukiweka ubao chini. Wakati wa kufunga, usikaze skrubu kwa nguvu. Kioo cha rezini hupasuka upesi.

Jambo moja la uaminifu. Vioo vingi vya kiwandani vina herufi E ndani ya duara. Maana yake ni kwamba taa ya aina hiyo ilipimwa ikakubaliwa. Kalibu yako itaiga herufi hiyo pia. Lakini kioo chako hakikupimwa na mtu yeyote. Futa alama hiyo kwa msasa. Kuiacha ni kusema uongo kwa maandishi.

7. JIHADHARI

Rezini na hadina si vitu vya mchezo.

- Fanya kazi nje au mahali penye hewa nyingi. Mvuke wake hudhuru kichwa na mapafu.
- Usivute sigara wala kuweka moto karibu. Vitu hivi hushika moto.
- Vaa glavu na miwani ya kazi. Tone la hadina likiingia jichoni linaweza kupofusha. Likiingia, osha jicho kwa maji mengi safi kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali mara moja.
- Usichanganye rezini nyingi kwa wakati mmoja. Ikiganda hutoa joto, na ikiwa nyingi inaweza kutoa moshi.
- Usitumie vikombe wala sufuria za nyumbani. Weka vyombo mbali na watoto.

8. LED NI NINI?

LED ni taa ndogo isiyo na waya wa kuungua. Ndani yake mna chembe ya kitu maalumu ambayo umeme ukipita hutoa mwanga wa rangi moja. Mwaka 1962 Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza LED nyekundu. Ya buluu yenye mwanga mkali ilichelewa sana kupatikana. Wataalamu watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kazi ya kuitengeneza. LED nyeupe nyingi ni za buluu zilizofunikwa na unga wa njano.

LED ina faida tatu kwa gari la mzee. Hutumia umeme kidogo, kwa hiyo betri na waya za zamani hupumzika. Huwaka papo hapo. Tena haina joto kali kama globu. Faida hii ya tatu ni kubwa kwa kioo cha kumimina, kwa sababu rezini nyingi hulainika zikipashwa moto. Globu ya wati 21 iliyo karibu mno inaweza kukipinda kioo chako.

Nunua LED ya rangi gani? Nyuma ya kioo cha machungwa weka LED ya rangi ya machungwa. Kioo cha rangi hufanya kazi kama chujio. Hupitisha rangi yake na kuzuia nyingine. LED nyeupe ina buluu nyingi, na buluu hiyo yote huzuiwa. Mwanga unaobaki huwa hafifu na wa kupauka. LED ya machungwa hupita karibu yote.

LED ina upande wa chanya na upande wa hasi. Ukiigeuza haiwaki. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliungwa chanya ya betri kwenye bodi. Magari ya leo huungwa hasi kwenye bodi. Tazama betri kwanza, ujue gari lako ni la namna gani. Globu ya LED iliyoundwa kwa gari la leo haitawaka katika gari la chanya bodini.

9. HESABU YA REZISTA

LED ndogo haiwezi kupewa umeme wote wa betri. Itaungua. Ni lazima upunguzwe kwa rezista. Hesabu yake ni rahisi.

Injini ikizunguka, umeme wa gari huwa kama volti 14. LED moja ya rangi ya machungwa huhitaji kama volti 2. Tukifunga LED tatu zikifuatana katika mstari mmoja, zitahitaji:

2 + 2 + 2 = volti 6.

Zinazobaki ni:

14 – 6 = volti 8.

LED ndogo huvumilia umeme wa ampea 0.02. Rezista inayotakiwa ni:

8 ÷ 0.02 = omu 400.

Dukani chukua ya omu 470, ambayo hupatikana kwa urahisi. Ni kubwa kidogo, kwa hiyo LED zitakaa salama zaidi. Kila mstari wa LED tatu uwe na rezista yake. Usitumie rezista moja kwa mistari yote.

10. MBONA TAA HAIZIMIKI?

Fundi akiweka LED katika gari la zamani, mara nyingi hukuta ajabu. Taa inawaka, lakini haizimiki! Sababu ni flasha.

Ndani ya flasha ya zamani mna kipande cha chuma kinachopashwa moto na umeme wa globu. Kikipata moto hupinda na kukata umeme. Kikipoa hunyooka na kuunganisha tena. Globu mbili za wati 21 huvuta kama ampea 3.5. Umeme huo unatosha kukipasha moto. LED huvuta kidogo sana. Kipande hakipati moto, hakipindi, na taa inabaki kuwaka tu. Flasha nyingine, za kielektroniki, hudhani globu imekufa, na huwasha na kuzima kwa haraka mno.

Dawa ni mbili:

(a) Badilisha flasha. Nunua iliyoundwa kwa LED. Flasha nyingi za namna hiyo zina waya mmoja zaidi unaofungwa kwenye bodi. Hii ndiyo dawa bora.

(b) Funga rezista kubwa, ya omu 6 na wati 50, sambamba na taa. Itavuta umeme kama globu ya zamani. Lakini itakuwa ya moto sana. Ifunge kwenye bati la gari, mbali na waya, plastiki na petroli.

Kumbuka jambo hili. Flasha ya zamani ilibadili mwendo wake globu ikifa, na dereva akajua. Ukifuata dawa yoyote kati ya hizi mbili, dereva anaweza asipate habari. Basi kila asubuhi washa indiketa, shuka, zunguka gari utazame kwa macho yako.

Kuna ajabu nyingine. Katika magari mengine dashibodi ina taa moja tu ya indiketa kwa pande zote mbili. Ukifunga LED, umeme hupitia taa hiyo ukaingia upande wa pili. Ukionyesha kulia, na kushoto kunawaka. Hapo fundi wa umeme afunge diodi mbili, ili umeme uende njia moja tu. Usiendeshe gari likiwa hivyo. Taa inayosema kulia na kushoto pamoja ni mbaya kuliko taa iliyozimika.

11. KIPIMO CHA ADHUHURI

Fundi wetu alipanga LED ndogo 24 katika ubao, mistari minane ya tatu tatu. Jioni aliziwasha. Ua mzima uliangaza rangi ya machungwa. Mzee alifurahi, akatia mkono mfukoni alipe.

"Bado, mzee," fundi akasema. "Njoo kesho saa sita mchana."

Kesho yake fundi alifunga globu ya kawaida upande wa kushoto na LED upande wa kulia. Akamwomba mzee ahesabu hatua 50 mbele ya gari, ageuke na kutazama. Jua lilikuwa kali.

"Unaona nini, mzee?"

"Naiona ya kushoto. Ya kulia siioni vizuri."

"Sogea pembeni kidogo. Na sasa?"

"Sasa ya kulia imepotea kabisa."

LED ndogo hurusha mwanga mbele tu, kama tochi. Sahani ya nyuma haipati kitu cha kurudisha, na mistari ya kioo haipati mwanga wa kutosha wa kusambaza. Gizani zilidanganya macho. Juani ukweli ulionekana.

Fundi hakuona haya. Alitoa ule ubao, akaufanya taa ya kumulika ndani ya karakana. Katika indiketa aliweka globu ya LED yenye nguvu, iliyotengenezwa kiwandani, ambayo ina LED pande zote na kwenye ncha. Mwanga wake ulijaza sahani na kioo. Mzee alirudi hatua 50. Safari hii aliziona taa zote mbili, akiwa mbele na akiwa pembeni. Fundi alihesabu kwa saa. Zikawaka na kuzimika mara 85 kwa dakika. Hapo ndipo alipopokea fedha yake.

Nawe fanya hivyo hivyo. Pima taa yako mchana, si usiku tu. Ilinganishe na globu ya kawaida. Itazame kutoka mbele na kutoka pembeni. Kama LED inashindwa, rudisha globu ya zamani. Hakuna aibu katika globu inayoonekana. Kisha peleka gari kwa wakaguzi, uwaeleze ulichobadilisha, maana sheria za nchi ndizo zinazoamua taa ipi iruhusiwe.

12. MWISHO

Tumejifunza kutengeneza kalibu, kumimina kioo, kupiga hesabu ya rezista na kubadilisha flasha. Kazi hizi zote zinaweza kufanywa na fundi mwenye subira katika karakana ndogo. Gari la zamani linaweza kuendelea kutumika miaka mingi.

Lakini usisahau taa hiyo ni ya nani. Dereva aliye ndani ya gari haioni. Ni ya mama aliyebeba mzigo, ya mtoto anayevuka kwenda shule, na yako wewe mwenye baiskeli. Wao ndio wasomaji wake. Iandike isomeke.

MANENO YA KUKUMBUKA

Diodi: kitu kinachopitisha umeme upande mmoja tu.
Flasha: kikopo kinachofanya indiketa iwake na kuzimika.
Hadina: dawa ya kugandisha rezini.
Kalibu: chombo cha kumiminia kitu ili kipate umbo.
Rezini: maji mazito yanayoganda yakawa kama plastiki.
Rezista: kitu kinachopunguza umeme.

MASWALI

1. Mistari iliyo ndani ya kioo cha indiketa ina kazi gani?
2. Kwa nini tunapaka mafuta ya mgando kabla ya kumimina nusu ya pili ya kalibu?
3. Kwa nini herufi E ifutwe katika kioo cha kumimina?
4. LED mbili za volti 2 kila moja zimefungwa zikifuatana katika gari la volti 14. Umeme unaotakiwa ni ampea 0.02. Rezista iwe ya omu ngapi?
5. Kwa nini fundi alikataa kulipwa siku ya kwanza? Je, wewe ungefanyaje?
6. Jadilianeni darasani: Katika kijiji chenu, ni nani wanaotegemea zaidi taa za magari, na kwa nini?